Shajara ya nyapara yatoa mwanga kuhusu ujenzi wa piramidi kuu ya Misri

KWA karne nyingi, kila aliyetaka kujua ni nani aliyeijenga piramidi kuu ya Giza nchini Misri alilazimika kutegemea maneno ya watu ambao hawakuiona ikijengwa.

Wapo walioshikilia kuwa ni kazi ya watumwa waliochapwa viboko juani. Wapo waliodhani ni jasho la Waisraeli kabla ya Musa kuwatoa utumwani. Na siku hizi wamezuka wanaodai bila haya kwamba watu wa kale wa bara la Afrika hawangeweza kusimamisha jengo kama hilo, na kwa hivyo lazima viumbe wa sayari nyingine ndio waliolijenga.

Mnamo mwaka wa 2013, mtu mmoja aliyekuwepo wakati huo alipata fursa ya kutoa ushahidi wake. Hakuwa mfalme, kuhani wala mjenzi mkuu. Alikuwa nyapara wa kikosi cha mabaharia. Jina lake ni Merer, na alichokiacha ni shajara ya kazi za kila siku ambayo sasa ina umri wa takriban miaka 4,600.

Shajara hiyo haijajibu kila swali. Hata hivyo, imewapa wataalamu kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: maandishi ya mtu aliyeshiriki katika ujenzi huo, yaliyoandikwa kazi ikiendelea.

Bandari iliyosahaulika

Ajabu ni kwamba shajara hiyo haikupatikana Giza. Ilipatikana mahali paitwapo Wadi el-Jarf, ufuo mkavu wa Bahari ya Shamu ulio takriban kilomita 120 kusini mwa mji wa Suez.

Mwingereza John Gardner Wilkinson alipita huko mwaka wa 1823, akaona mapango yaliyochongwa mwambani na kudhani ni makaburi. Katika miaka ya hamsini ya karne iliyopita, Wafaransa wawili walianza kuyachunguza, lakini vita vya Mfereji wa Suez vya mwaka wa 1956 vikawakatiza. Mahali hapo pakasahaulika tena.

Ni Pierre Tallet, mtaalamu wa historia ya Misri ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Sorbonne jijini Paris, aliyerudi huko na wenzake Wafaransa na Wamisri. Uchimbaji ulianza mwaka wa 2011, na haikuchukua muda kabla ya kubainika kuwa mapango yale hayakuwa makaburi kamwe. Yalikuwa maghala.

Vyumba hivyo ni takriban 30, vimechongwa ndani ya mwamba umbali wa kilomita tano hivi kutoka ufuoni. Humo ndimo mabaharia wa mafarao walimohifadhi vyombo vyao. Mashua ziliundwa kando ya Mto Nile, zikabebwa jangwani zikiwa vipandevipande, kisha zikaunganishwa upya ufuoni. Msimu wa safari ulipomalizika, zilifumuliwa tena na mbao zake zikawekwa mapangoni hadi mwaka mwingine.

Huko ufuoni watafiti walikuta gati la mawe lenye umbo la herufi L, sehemu yake kubwa ikiwa imefunikwa na maji, pamoja na nanga za mawe zipatazo 100. Wadi el-Jarf sasa inahesabiwa miongoni mwa bandari kongwe zaidi zinazojulikana duniani.

Mabaharia hao walikuwa wakivuka ghuba na kuingia rasi ya Sinai kutafuta feruzi na shaba. Feruzi ilikuwa pambo, lakini shaba ilikuwa uhai wa ujenzi. Wamisri wa wakati huo hawakuwa na zana za chuma. Tindo na misumeno yao ilitengenezwa kwa shaba. Bila safari za Sinai, mafundi wa Giza wangebaki mikono mitupu.

Maandishi katika mafunjo

Mabaharia walipoondoka Wadi el-Jarf, walifunga milango ya maghala kwa mawe mazito. Katika nafasi iliyobaki baina ya mawe hayo, mbele ya mojawapo ya vyumba, kulikuwa na karatasi zilizoachwa. Mchanga ukazifunika, na ukavu wa jangwa ukazilinda.

Tallet na wenzake walizifikia mwaka wa 2013. Yalikuwa mamia ya vipande, vingi vidogo kama kucha, lakini vingine vilikuwa na urefu wa zaidi ya nusu mita. Karatasi nyingine kongwe zaidi iliwahi kupatikana katika kaburi la afisa mmoja huko Saqqara, lakini haikuwa imeandikwa chochote. Kwa hivyo, hizi za Wadi el-Jarf ndizo karatasi kongwe zaidi zenye maandishi kuwahi kugunduliwa popote duniani.

Karatasi hizo zilitengenezwa kwa mafunjo, mmea ule ule unaoota kwa wingi kandokando ya Ziwa Victoria. Shina la mfunjo lilipasuliwa kuwa vibanzi vyembamba, vikapangwa safu mbili zilizokingamana, vikagongwa na kukandamizwa hadi vikashikana, kisha vikaanikwa. Kilichopatikana ni ukurasa mwepesi uliofaa kukunjwa na kubebwa safarini.

Tarehe yake haina utata mkubwa. Maandishi yanataja mwaka uliofuata hesabu ya 13 ya ng'ombe katika utawala wa Farao Khufu. Kwa kuwa hesabu hiyo ya mifugo ilifanywa kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, wataalamu wanakadiria kuwa huo ulikuwa mwaka wa 26 au wa 27 wa utawala wake. Khufu ndiye aliyeamuru kujengwa kwa piramidi kuu, na mwaka huo ulikuwa karibu na mwisho wa maisha yake.

Siku za Merer

Merer aliongoza watu wapatao 40. Wao walikuwa sehemu ya kikosi kikubwa zaidi ambacho inakadiriwa kilikuwa na watu 160.

Mpangilio wa kurasa zake ungemfurahisha karani yeyote wa leo. Juu kabisa kuna mstari wenye siku za mwezi. Chini ya kila siku kuna safu mbili nyembamba zinazoeleza yaliyotendeka tangu asubuhi hadi usiku: kikosi kilikuwa wapi, kilifanya nini, na kililala wapi.

Yaliyomo hayana mapambo yoyote. Siku moja kikosi kinapakia mawe huko Tura, upande wa mashariki wa Nile. Siku inayofuata kinang'oa nanga kikiwa na shehena na kulala njiani, penye bwawa lililoitwa kwa jina la Khufu. Kisha kinafika Giza, kinapakua, na kurejea Tura na mashua tupu. Halafu kinaanza upya.

Mahali pa kupakulia panaitwa Akhet-Khufu, yaani Upeo wa Khufu. Hilo ndilo jina ambalo Wamisri wenyewe waliipa piramidi kuu.

Mawe ya Tura hayakuwa mawe ya kawaida. Sehemu kubwa ya piramidi ilijengwa kwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa pale pale Giza, lakini ganda lake la nje lilihitaji jiwe jeupe lenye chembe laini, na jiwe hilo lilipatikana Tura. Msafiri wa zama hizo angeiona piramidi iking'aa kwa weupe. Ganda hilo limebanduka karibu lote, na kinachoonekana leo ni mawe ya ndani.

Safari zenyewe zilipangwa kwa kufuata maumbile. Shajara inahusu kipindi kinachokadiriwa kuwa kati ya Julai na Novemba, wakati ambapo Nile ilifurika kwa maji ya mvua kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Mashua zilizosheheni mawe zilisukumwa na mkondo wa maji kuelekea Giza. Ziliporudi zikiwa tupu, upepo wa kaskazini ulizisaidia kupanda mto.

Kikosi kilifanya safari mbili au tatu kila baada ya siku kumi. Kwa makadirio ya watafiti, huenda kila safari ilibeba mawe yapatayo 30 yenye uzani wa tani mbili hadi tatu kila moja. Hiyo ina maana kwamba watu wa Merer waliweza kufikisha Giza takriban mawe 200 kwa mwezi.

Yapo majina mengine katika kurasa hizo. Lililowashtua wataalamu zaidi ni la Ankhhaf, ndugu wa kambo wa Khufu. Sanamu yake ya kichwa na mabega, iliyopatikana Giza, imo katika jumba la makumbusho la Boston nchini Marekani, na kaburi lake linajulikana. Lakini wajibu wake katika ujenzi haukuwa umethibitishwa kwa maandishi. Shajara ya Merer inamtaja akiwa msimamizi wa lango la bwawa ambamo mashua za mawe zilipitia.

Hesabu za mkate

Kando na shajara, kulikuwa na karatasi za hesabu. Humo mmeandikwa nafaka, mikate na vyakula vingine vilivyotumwa kwa kikosi. Kwa kila bidhaa, karani aliandika kiasi kilichotarajiwa, kiasi kilichofika, na kiasi ambacho bado kilidaiwa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ya Khufu ilielewa hivyo vyema. Katika nchi isiyokuwa na sarafu, mshahara ulikuwa mkate, bia na nguo, na kila gunia lilipaswa kuonekana kwenye ukurasa. Mahali pamoja shajara inamtaja mtu aitwaye Idjeru aliyetumwa hadi mji wa Heliopolis kuwaletea wenzake chakula.

Hapo ndipo umuhimu wa karatasi hizi unapojitokeza. Piramidi ilikuwa na mawe yanayokadiriwa kuwa milioni 2.3, na urefu wake wa awali ulikuwa takriban mita 146. Iwapo ilijengwa katika muda wa miaka 27, basi ililazimu zaidi ya mawe 230 yawekwe kila siku bila kupumzika. Kazi kama hiyo haifanikiwi kwa nguvu za misuli pekee. Inahitaji mtu anayejua ni mashua ngapi ziko safarini, ni watu wangapi watakaokula jioni, na ni gunia lipi ambalo halijafika.

Watumwa au wafanyakazi?

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika takriban miaka 2,000 baada ya Khufu, alisema watu 100,000 walifanya kazi kwa zamu za miezi mitatu mitatu, na kwamba piramidi ilichukua miaka 20. Alimchora Khufu kama mtawala katili aliyewalazimisha Wamisri wote wamtumikie. Picha ya umati wa watumwa iliyozoeleka katika filamu imepata nguvu kutokana na simulizi kama hizo.

Lile dhana la Waisraeli nalo halikubaliani na kalenda. Piramidi kuu ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kipindi ambacho wasomi wengi huhusisha na kisa cha Kutoka.

Ushahidi dhidi ya picha hiyo ulianza kukusanyika kabla ya kupatikana kwa shajara. Mnamo mwaka wa 1990, farasi mmoja alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo karibu na piramidi za Giza. Ukuta huo uliwaelekeza wanaakiolojia, wakiongozwa na Zahi Hawass, kwenye makaburi ya wajenzi wenyewe.

Mifupa iliyofukuliwa ilionyesha migongo iliyochakazwa na mizigo mizito. Lakini pia ilionyesha mivunjiko iliyokuwa imeungwa na kupona, ishara kwamba walioumia walipata matibabu. Isitoshe, walizikwa kwa heshima karibu na kaburi la mfalme wao, jambo ambalo Hawass anasema lisingewezekana kwa watumwa.

Si mbali na hapo, Mmarekani Mark Lehner na wenzake wamekuwa wakifukua mji wa wafanyakazi tangu mwishoni mwa miaka ya themanini. Wamepata matanuri ya mikate, maghala, vyumba virefu vinavyodhaniwa kuwa mabweni, na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mji huo ulishamiri hasa katika enzi za Khafre na Menkaure, waliotawala baada ya Khufu, lakini unaonyesha jinsi wajenzi wa piramidi walivyolishwa. Wataalamu wengi sasa hukadiria kuwa idadi ya wajenzi ilikuwa kati ya 20,000 na 30,000, wala si 100,000.

Vikosi hivyo vilijipa majina na kuyaandika kwa rangi mawe­ni, mahali ambapo hakuna mgeni angeyaona. Ndani ya piramidi ya Khufu kuna jina la kikosi cha Marafiki wa Khufu. Katika piramidi ya Menkaure kulikuwa na kikosi kilichojiita Walevi wa Menkaure.

Hata hivyo, si busara kukimbilia upande wa pili na kudai kuwa kila mtu alikwenda Giza kwa hiari yake. Katika Misri ya kale, utumishi kwa mfalme ulikuwa aina ya kodi, na kijiji kilipotakiwa kutoa vijana hakikuwa na nafasi ya kukataa. Aidha, watu wa Merer walikuwa mabaharia wenye ujuzi, waliotumwa kutoka kazi moja hadi nyingine. Huenda aliyekokota mawe kwenye machimbo hakula kama wao.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kuwa kikosi hiki kilikuwa na jina, kiongozi, ratiba na posho iliyoandikwa. Huo si utaratibu wa kundi la watu wanaofungwa minyororo usiku na kuchapwa mchana.

Mto uliohama

Kwa muda mrefu, jambo moja liliwatatiza waliosoma habari za bandari ya Giza. Leo Nile inapita kilomita kadhaa mashariki mwa piramidi. Mashua za Merer zilifikaje karibu na jengo?

Jibu limezidi kupata uzito. Mnamo mwaka wa 2022, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa chavua iliyokutwa katika mashapo yaliyochimbwa chini ya ardhi karibu na Giza. Chavua hiyo, kwa kuonyesha ni mimea gani iliyoota huko karne baada ya karne, ilidhihirisha kuwa mkono mmoja wa Nile ulipita karibu na piramidi, na kwamba maji yake yalikuwa bado ya kutosha katika enzi za Khufu, Khafre na Menkaure kabla ya kupungua baadaye.

Mwezi Mei mwaka wa 2024, kundi jingine lililoongozwa na Eman Ghoneim lilitumia picha za setilaiti na sampuli za udongo kuonyesha mkondo wa kale wa urefu wa takriban kilomita 64, uliopita kando ya piramidi 31 kutoka Lisht hadi Giza. Mkondo huo sasa umefunikwa na mashamba na mchanga.

Kwa maneno mengine, mafarao hawakujenga jangwani mbali na maji kama inavyoonekana leo. Walijenga ukingoni mwa njia ya usafiri, na shajara ya Merer ni kumbukumbu ya njia hiyo ikitumika.

Yaliyosalia gizani

Lipo swali kubwa ambalo nyapara huyu hakulijibu, nalo ni jinsi mawe yalivyopandishwa hadi kileleni. Kazi yake ilikoma kwenye bwawa. Aliyepokea jiwe na kulikokota hadi juu alikuwa mtu mwingine, na daftari la mtu huyo, ikiwa liliwahi kuwepo, bado halijapatikana. Wataalamu wanaendelea kubishana kuhusu umbo la tuta lililotumika.

Piramidi yenyewe nayo ingali inatoa siri. Mwaka wa 2017, wanasayansi waliotumia chembe ndogo zinazotokana na miale ya angani, ambazo hupenya mawe, walitangaza kuwepo kwa uwazi wenye urefu wa angalau mita 30 ndani ya jengo. Mnamo Machi 2023, walithibitisha kuwepo kwa ujia wa mita tisa nyuma ya mlango wa kaskazini. Makusudi ya nafasi hizo hayajafahamika.

Karatasi za Wadi el-Jarf zilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016 katika Jumba la Makumbusho la Misri jijini Cairo, na uchapishaji wake kamili ulianza mwaka uliofuata.

Kuna kinaya katika jambo hili. Khufu aliamuru jengo ambalo lingelihifadhi jina lake milele, lakini sanamu pekee ambayo wataalamu wengi wanakubaliana kuwa ni yake ni kijisanamu cha pembe ya ndovu kisichozidi sentimita nane kwa kimo, na maneno yake mwenyewe hayapo. Merer hakuamuru chochote. Aliandika tu kuwa leo wamepakia mawe, kesho watasafiri, na mikate imefika.

Ni kwa kalamu yake, wala si kwa amri ya farao, ambapo dunia imejua jinsi siku ya kazi ilivyokuwa kando ya piramidi kuu.